Anza Ndani ya Kola: Kuitambua Sare ya Kale ya Mjerumani Ukiwa Uganda

Tai ndiye wa mwisho kuangaliwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayeniletea kitu "cha Mjerumani" hapa Bombo huanza naye: ona mabawa, ona kucha, ona alivyokasirika. Ndege huyo amebebwa na majeshi mengi, tena hakuna kipande rahisi kughushi kuliko yeye. Mimi ni fundi cherehani, binti wa fundi aliyeshona magwanda ya jeshi, na nguo naisoma kuanzia ndani: bitana, mshono, uzi, mhuri, mgongo wa kifungo. Anayeghushi hutumia nguvu zake zote upande unaoonekana, ndani anachoka.

Kwanza kabisa, usifue. Usipige pasi. Usisugue shaba kwa limau na majivu hata kama mama mkwe anakuja kesho. Uchafu uliokaa kwenye mkunjo wa kola, kutu iliyogandia mguu wa beji, rangi iliyofifia begani na kubaki mbichi chini ya tepe, hayo yote ni ushahidi, na sabuni ya unga inaufuta kwa asubuhi moja. Piga picha mbele, nyuma na ndani, ukiweka rula pembeni ili vipimo visomeke.

Kisha chukua karatasi uandike hadithi ya mwenye kitu kabla hujafungua mdomo wako: kilitoka kwa nani, kilipatikana wapi, nani alikuwa anakivaa. Ukitangulia kusema "hii inaonekana ya 1916", mzee naye ataikumbuka 1916 vizuri sana. Hadithi ni shahidi mmoja na nguo ni shahidi mwingine. Usiwahoji pamoja.

Mjerumani yupi?

Watu husema "Mjerumani" kana kwamba ni mmoja. Hadi 1918 kulikuwa na dola ya Kaisari, na ndani yake Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg, kila moja na alama zake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza likaja jeshi dogo la Reichswehr. Kuanzia 1935 hadi 1945 ni Wehrmacht ya Hitler. Halafu nchi ikagawanyika: magharibi Bundeswehr tangu 1955, mashariki NVA kuanzia 1956 hadi 1990.

Kinachotenganisha enzi hizi haraka kuliko chochote ni bizimu la mkanda, kwa sababu Wajerumani walipenda kuandika juu yake. Taji na maneno "Gott mit uns", yaani Mungu yu pamoja nasi, ni Prussia ya Kaisari. Taji na "In Treue fest" ni Bavaria. "Providentiae memor" ni Saxony. Mabizimu ya mwanzo ya vita ya 1914 mara nyingi ni ya shaba. Kuanzia 1915 yalitengenezwa ya chuma na kupakwa rangi ya kijivu, maana shaba ilitakiwa kwenye mizinga na risasi. Ukikuta "Gott mit uns" tena, lakini badala ya taji yuko tai aliyeshika swastika, umefika kwenye jeshi la nchi kavu la Wehrmacht. Anga walikuwa na tai anayeruka, bila maneno. SS, kikosi cha chama cha Hitler, walikuwa na "Meine Ehre heißt Treue". Bizimu lenye "Einigkeit Recht Freiheit" ni la Bundeswehr, na lenye nyundo na bikari ndani ya shada la masuke ni la NVA. Kwa hiyo usiposoma Kijerumani usihofu. Nakili herufi kama zilivyo, moja moja, nawe utapata nusu ya jibu.

Geuza bizimu. Kwenye kiulimi cha ngozi, kama kimebaki, hupigwa jina la kiwanda na mwaka. Alama kama "J.R. 76" inamaanisha rejimenti ya askari wa miguu namba 76, Wajerumani wa wakati ule waliandika J mahali pa I.

Unachokiona soko la Owino, Kampala

Sehemu kubwa ya "sare za Hitler" zinazofika mezani kwangu zimetoka kwenye mivumba, yaani mitumba, na zina umri mdogo kuliko mimi. Koti la kijani la parka lenye kibendera kidogo cheusi, chekundu na dhahabu mkononi ni Bundeswehr. Tafuta lebo ndani: kama ina namba ya tarakimu 13 iliyoandikwa kwa mafungu, na baada ya tarakimu nne za kwanza kuna 12, basi ni namba ya bohari za NATO, na hiyo 12 ni Ujerumani. Hitler hakuwa NATO.

Wa mashariki ni wagumu zaidi kuwatambua, kwa sababu sare ya NVA ilikatwa kwa mtindo wa zamani: rangi ya kijivu, mabega ya kusuka, vipande vya kola vinavyofanana na vya Wehrmacht. Anayetegemea sura atapigwa hapo. Angalia saizi ndani: NVA waliandika herufi ndogo na namba, kama m48 au g52, herufi ikieleza urefu wa mtu.

Tahadhari moja isiyohusu historia. Nguo ya madoadoa ya Bundeswehr, ile ya rangi tano, inaweza kukufikisha kituo cha polisi. Sheria za Uganda zinamkataza raia kuwa na mavazi yanayofanana na ya jeshi, na Septemba 2019 serikali ilitangaza rasmi orodha ya mavazi yaliyozuiwa, bereti nyekundu ikiwemo. Koti la madoadoa likiletwa kwangu, silitundiki barazani.

Ndani ya nguo ya sufu

Tuseme una koti la sufu la kijivu-kijani, na mwenyewe anasema ni la vita ya pili. Lifungue. Kwenye bitana ya ubavu, au karibu na kifungo cha ndani, utafute mhuri wa wino. Koti la Wehrmacht huwa na namba tano za vipimo: mgongo, shingo, kifua, urefu wote na mkono. Chukua futi yako uzihakiki. Mhuri unaosema kifua 100 kwenye koti lenye kifua cha 88 una maelezo ya kutoa. Karibu na vipimo hivyo kuna herufi ya bohari na mwaka kwa tarakimu mbili, mfano M38: München, 1938. Miaka ya mwisho ya vita viwanda vilifichwa, na badala ya jina ikapigwa namba ndefu inayoanza na RB-Nr.

Mkato nao unazungumza. Koti la 1936 lina kola ya kijani iliyokoza na mifuko yenye mkunjo katikati. Kuanzia 1940 kola ikawa rangi moja na koti. Kufikia 1943 mikunjo ya mifuko imeondolewa, na 1944 likaja koti fupi la kiunoni. Mimi kama fundi naliona jambo moja tu hapo: kitambaa kilikuwa kinawaishia.

Sasa uzi. Chomoa nyuzi mbili kutoka kwenye pindo, mahali ambapo hapataonekana, uwashe kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kijidonge kigumu cheusi, na poliesta haikushona nguo ya vita yoyote ya Hitler. Ilienea miaka ya 1950. Lakini uzi ukiwa mpya usiihukumu nguo nzima, huenda ni kiraka cha fundi kama mimi. Jaribu mshono wa kiwandani: wa bega, wa ubavu.

Wengine hutumia taa ya bluu ya kukagulia noti, wakisema kinachong'aa ni kipya. Ni kweli kwa nusu. Dawa za kung'arisha kitambaa zilienea baada ya vita, hivyo lebo inayowaka kama mbalamwezi ina mashaka. Ila sabuni zetu za unga zina dawa hizo hizo. Shangazi akiifua nguo ya 1941 jana, leo itang'aa. Bendera, tepe na beji zijaribiwe kwa taa. Nguo iliyofuliwa, taa haisemi kitu.

Na beji zilizoshonwa, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Inua ukingo kidogo. Chini ya beji iliyokaa miaka, kitambaa kina rangi iliyokoza kuliko pembeni, na nyuzi zake zimelala. Kama chini na pembeni ni sawa, beji imefika juzi. Halafu geuza uone kama uzi umetokeza kwenye bitana. Uliotokeza umeshonwa nguo ikiwa imekamilika, jambo ambalo si kosa, askari hupandishwa vyeo na hubadilishwa vikosi, lakini linahitaji sababu. Tafuta pia matundu ya sindano ya zamani yasiyofuata beji ya sasa. Tai wa jeshi la nchi kavu la Wehrmacht hukaa kifuani kulia. Wa SS alikaa mkono wa kushoto. Rangi ya ukingo wa bega hueleza kazi: nyeupe askari wa miguu, nyekundu mizinga, nyeusi wahandisi, waridi vifaru, bluu ya maua matabibu.

Kwa Waganda waliokwenda Misri na Libya na vikosi vya kazi vya Afrika Mashariki katika vita ya pili, kumbukumbu walizorudi nazo ni za jangwani: kitambaa cha pamba rangi ya mchanga, na tai aliyefumwa kwa uzi wa bluu iliyopauka juu ya kitambaa cha kahawia. Familia inayosema "babu aliokota Libya" yaweza kuwa inasema kweli tupu.

Askari wa Mjerumani wa huku kwetu

Hii ndiyo sehemu inayonigusa, na ndiyo yenye makosa mengi zaidi.

Koloni la Ujerumani lilipakana nasi kusini. Jeshi lake, Schutztruppe, lilitokana na kikosi alichokiunda Hermann Wissmann mwaka 1889, akiajiri Wasudani huko Cairo. Mwaka 1914 lilikuwa na kombania 14 na askari weusi wapatao 2,500. Kombania ya 7 ilikaa Bukoba, ya 11 ilikaa Kissenji, yaani Gisenyi ya leo, Rwanda. Hao ndio waliokuwa karibu na mpaka wetu. Mto Kagera ukawa mstari wa vita, na Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaipiga Bukoba.

Wanubi wa Uganda nao ni mabaki ya jeshi la Misri lililokuwa Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan, chini ya Emin Pasha, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mjerumani, Eduard Schnitzer, kisha Lugard, afisa wa Kiingereza, akawachukua 1891. Hapo pana mtego maradufu. Kwanza, kifungo chenye mwezi na nyota ambacho familia inakiita "cha Emin Pasha, Mjerumani" ni cha Misri. Emin alimtumikia Khedive, mtawala wa Misri, hakumtumikia Kaisari. Pili, vyeo. Ombasha, shaushi, bashaushi, efendi: majina hayo yalitumika upande wa Mjerumani na upande wa Mwingereza pia, kwa sababu askari wa pande zote mbili walitoka kwenye jeshi lile lile la Misri. Kwa hiyo "babu alikuwa ombasha" haikuambii alipigana upande gani. Tena Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR (King's African Rifles, jeshi lao la Waafrika) kwa kuwachukua waliokuwa askari wa Mjerumani, hivyo mtu mmoja aweza kuwa na vyeti viwili halali.

Sare yenyewe: kaki ya pamba, miguu imefungwa vitambaa, kichwani tarbushi yenye kifuniko cha kaki na tai wa madini meupe mbele. Vyeo vilikuwa tepe nyekundu mkono wa kushoto: moja ombasha, mbili shaushi, tatu bashaushi, nne soli. Wazungu walivaa kofia ya jua yenye kiduara cha nyeusi, nyeupe na nyekundu, au kofia pana ya kijivu iliyopindwa upande mmoja. Ukingo mweupe kwenye kofia hiyo ni Afrika Mashariki, bluu ni Afrika Kusini-Magharibi, nyekundu ni Kameruni.

Nikiletewa sare nzima ya askari wa 1914, safi, imepangwa na vifungo vyote, moyo wangu unasita. Pamba ya kaki haidumu hivyo katika nyumba zenye mchwa na mvua mbili kwa mwaka. Na wenyewe Wajerumani waliishiwa: pwani ilikuwa imezingirwa na manowari za Mwingereza, meli mbili tu za mizigo zilipenya, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Walifuma vitambaa wenyewe na kuvitia rangi ya miti. Baada ya kuwapiga Wareno Ngomano, Novemba 1917, wengi walivaa nguo za adui. Kaki yenye vifungo vya Mwingereza yaweza kabisa kuwa ilivaliwa na askari wa Mjerumani, na hakuna fundi duniani wa kukuthibitishia hilo kwa nguo peke yake. Hapo unahitaji karatasi.

Kilichobaki ardhini ni madini: vifungo vyenye taji, heller, zile senti za koloni la Mjerumani, maganda ya risasi. Ganda la .303 la Mwingereza lina ukingo uliotokeza kwenye kitako. Risasi ya Mauser ya milimita 7.92 haina ukingo, ina mfereji. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita na bunduki ya zamani ya mwaka 1871, ambayo ganda lake ni nene, milimita 11, na lina ukingo. Sarafu yenye herufi T ya mwaka 1916 ilipigwa Tabora wakati wa vita. Ila ukiokota ganda kando ya Kagera usikimbilie Kaisari: vita ya Uganda na Tanzania ya 1978–79 ilipita palepale na kuacha maganda mengi zaidi. Risasi nzima au kitu chochote chenye umbo la bomu, usikiguse. Weka alama, ita polisi. Na kilichofukuliwa ardhini kinahusu idara ya makumbusho ya taifa, ofisi zao ziko Kitante, Kampala.

Wasio Wajerumani kabisa

Tai mwenye taji aliyesimama juu ya kingao kama nusu mwezi ni wa Poland. Uganda ilihifadhi wakimbizi wa Kipolandi Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja huko Mukono, kuanzia 1942, na kanisa lao Nyabyeya lipo hadi leo. Kuwaita watu hao Wajerumani ni kuwatukana: nchi yao ilivamiwa na Wajerumani na Wasovieti mwaka 1939, na wao wengi walifukuzwa kwao na Wasovieti. Tai wa vichwa viwili naye si wa Kaisari wa Berlin, tafuta Austria au Urusi. Kigezi pia walipita Wabelgiji, walioingia Rwanda 1916 wakibebewa mizigo na wapagazi wa Uganda, basi kifungo cha simba chaweza kuwa chao, ingawa Bavaria nayo ilikuwa na simba. Amua kwa mgongo wa kifungo: "Gaunt Birmingham" au "Firmin London" maana yake kimetengenezwa Uingereza, hata mbele kuwe na nini.

Msalaba wa Chuma, nishani ya Mjerumani mwenyewe, nausema kwa ufupi. Mwaka ulio chini ni 1870, 1914 au 1939. Wa kawaida uliotengenezwa vizuri una vipande vitatu: kiini cha chuma kati ya fremu mbili za fedha. Sumaku hushika kiini. Uliomiminwa kipande kimoja, ukingo na kiini pamoja, ni pambo. Wenye majani ya mwaloni mahali pa swastika ni toleo la 1957, halali kwa wazee wa vita nchini kwao. Kofia ya chuma ya Mjerumani igeuze utazame ndani: ET ni kiwanda cha Thale, Q ni Quist, na namba ya 60 na kitu ni saizi.

Wanaokuja wakitaka swastika ya kupamba pikipiki nawarudisha na pikipiki zao.

Karatasi

Ukishajua enzi na kikosi, ndipo utafute mtu. Nyaraka nyingi za watu wa jeshi la Prussia ziliungua Potsdam kwa bomu la Aprili 1945. Za Bavaria zimesalia München. Mambo ya jeshi kwa jumla yako Bundesarchiv huko Freiburg, ya ofisi ya makoloni yako Bundesarchiv Berlin, fungu R 1001, na mengi yamewekwa kwenye intaneti. Karibu zaidi nasi, hifadhi ya nyaraka ya Tanzania, Dar es Salaam, ina majalada ya serikali ya Mjerumani yenyewe. Upande wa Mwingereza anza Wandegeya, kwenye hifadhi ya taifa ya Uganda. Picha za kulinganisha sare utazipata katika mkusanyo wa picha za kikoloni wa Chuo Kikuu cha Frankfurt.

Ukiandika Ujerumani, andika kwa Kiingereza sanifu, swali moja kwa barua moja, na utume picha ya mihuri kwanza. Usiulize bei, wahifadhi hawajibu bei. Swastika ikionekana, eleza kwamba ni utafiti, maana kwao sheria inazuia kuionesha hadharani.

Na kwenye majalada ya zamani usitafute jina kwa tahajia yetu. Karani Mjerumani aliandika alichosikia: Juma atakuwa Djuma au Dschuma, shaushi atakuwa Schausch au Tschausch, Ujiji ni Udjidji. Andika kwanza namna zote unazoweza kufikiria, kisha uanze na kombania badala ya jina, kwa sababu akina Djuma walikuwa wengi na kombania ya Bukoba ilikuwa moja.